Mbegu Hazikuchoka

Wako watu katika Rungwe wasemao kwamba mbegu za maharagwe zimechoka. Sisi twakataa. Mvua zetu nyingi huosha chokaa ya ardhi, na udongo huwa mchachu. Chai huupenda, maharagwe hayaupendi. Ng'oa shina moja, ndugu, ukapasue vifundo vya mizizi: vikiwa vyekundu ndani, vijidudu vyake vyavuta nitrojeni ya hewani, vikiwa vyeupe, mbolea hiyo ya bure umeikosa. Na hao wailaumuo mbegu hutupa majivu ya jikoni njiani, kisha hukopa fedha wanunue urea, ambayo huzidisha uchachu na kupunguza vifundo! Majivu, chokaa, au fosfati ya Minjingu, vichanganywe na udongo kabla ya kupanda. Wala mwanamume asituambie kwamba kuchukua majivu ni kazi ya wanawake.