Tundu la milimita 15 lililolinda mitaji Kariakoo

Biashara ya CD na DVD Kariakoo imebaki kivuli cha ilivyokuwa. Simu na flashi zimeimaliza. Hata hivyo, mfanyabiashara anayeagiza vifaa vya umeme leo ana sababu ya kujiuliza kwa nini bidhaa ile ililipa miaka mingi. Kwa maoni ya safu hii, jibu liko katikati ya sahani yenyewe. Ni lile tundu.

Philips na Sony walipokubaliana vipimo mwaka 1980, sahani ilipangiwa upana wa milimita 120, unene wa milimita 1.2 na tundu la milimita 15. Upana huo wa tundu ni sawa na dubbeltje, sarafu ya Kiholanzi ya senti 10, na husimuliwa kuwa sarafu hiyo ndiyo iliyotumika kupimia. Hapo ndipo deki hukamata sahani ya muziki na kuizungusha, mara 500 hivi kwa dakika mwale ukisoma karibu na tundu, na mara 200 hivi ukifika ukingoni.

Wenye santuri wanakumbuka adha ya zamani. Santuri kubwa ilikuwa na tundu la milimita 7 hivi, na nyingi za mizunguko 45 zilikuwa na tundu la 38, kwa hiyo bila kipachiko cha katikati hazikupigika. Kwenye video, mkanda wa VHS haukuingia deki ya Betamax. CD ilikuja na kipimo kimoja, kisha VCD, DVD na hata Blu-ray zikakifuata. Mchuuzi alinunua sahani tupu 50 au 100 zikiwa zimechomekwa kwenye kijiti kimoja, akauza mojamoja bila kumwuliza mteja ana deki ya kampuni gani. Mali iliyolala leo iliuzika kesho.

Kasoro ililetwa na kampuni za filamu za Marekani, zilizoigawa dunia kwa namba. Sehemu kubwa ya Afrika ni kanda ya 5, Dubai ni kanda ya 2. Aliyefunga mzigo wa filamu Dubai angeweza kukuta sahani inaingia vizuri, deki inakataa kuisoma. (Ndiyo maana deki zisizojali kanda zilipendwa.)

Linganisha na chaja za simu. Nokia peke yake ilikuwa na pini nene, kisha pini nyembamba, na kila kampuni ilikuwa na yake. Mtindo ulipobadilika, hasara ilibaki kwa mwenye katoni stoo. Umoja wa Ulaya umelazimisha simu mpya zinazouzwa huko zitumie USB-C tangu 28 Desemba 2024, na kompyuta za mapajani zimepangiwa 28 Aprili 2026. Waagizaji wa Mtaa wa Aggrey na Msimbazi hawana haja ya kungoja amri. Wana nguvu ya oda, na wadai kipimo hicho kwa mwenye kiwanda kabla ya kulipa malipo ya awali.