MAONI: Kutuliza tumbo si kulitibu, vijana tudai kipimo

Vijana wengi wakichomwa na tumbo siku hizi hawaendi hospitali. Wanapitia duka la dawa, wananunua omeprazoli, wanameza kimoja kabla ya lekcha au kabla ya kuingia zamu, na maisha yanasonga. Pakiti ikiisha na tumbo likianza tena, wanarudi dukani palepale. Ukiwauliza watakwambia, "Ni vidonda tu bana, nishavizoea."

Mimi nasema hili ni jambo la kuachwa. Ukitaka kujua kwa nini, angalia jinsi dawa hizi zilivyopatikana.

Miaka ya 1960 huko Uingereza, mtu mwenye vidonda vikali vya tumbo angeweza kupasuliwa na sehemu ya tumbo ikakatwa. Mtafiti mmoja kutoka Scotland, James Black, alijiuliza: ni nini hasa kinachoamuru tumbo limwage asidi? Ilijulikana kwamba kemikali ya mwilini iitwayo histamini inahusika. Lakini dawa za kuzuia histamini zilizokuwapo, zile zinazotumiwa na watu wa mzio, hazikupunguza asidi.

Black akawaza kwamba lazima seli za tumbo ziwe na kipokezi cha aina nyingine. Kipokezi ni kama kufuli juu ya seli, na histamini ndiyo ufunguo. Kazi ikawa kutengeneza ufunguo bandia, unaoingia katika kufuli hilo bila kulifungua, ili ule wa kweli ukose nafasi. Mwaka wa 1972 yeye na wenzake walithibitisha kwamba kipokezi hicho, H2, kipo kweli. Mwaka wa 1976 dawa yao, simetidini, ikaanza kuuzwa Uingereza. Mwaka wa 1988 Black akatuzwa Nobel.

Alistahili. Wagonjwa wengi waliepuka kisu. Ila mgonjwa akiacha vidonge, mara nyingi vidonda vilirudi. Asidi ilikuwa imezuiwa, chanzo kiliachwa kikae. Omeprazoli tunayomeza leo inafanya kazi kwa njia tofauti, inafunga pampu ya asidi yenyewe, lakini nayo ikimezwa peke yake chanzo kinabaki.

Chanzo kikubwa kilionekana Perth, Australia. Mwaka wa 1979 daktari Robin Warren aliona bakteria waliojipinda katika vipande vya matumbo yaliyovimba. Mwaka wa 1981 akaungana naye daktari kijana, Barry Marshall. Wakubwa wengi wa tiba hawakukubali. Kwao bakteria hawezi kuishi ndani ya asidi, na vidonda vilitokana na mawazo mengi na vyakula vikali. Mwaka wa 1984 Marshall, akiwa na miaka 32, aliwanywa bakteria hao. Siku chache baadaye alikuwa akitapika, na alipochunguzwa ukuta wa tumbo lake ulikuwa umevimba. Wawili hao walipata Nobel mwaka wa 2005.

Bakteria huyo ni Helicobacter pylori, au H. pylori. Mwaka wa 1994 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilimtaja rasmi kuwa msababishaji wa saratani kwa binadamu. Uvimbe anaouleta unaweza kudumu miaka na mikaka. Seli zinaharibika, nyingine zinaota mahali pake, na katika kurudia huko makosa yanaweza kujikusanya mpaka saratani ianze.

Tusitishane lakini. Watu wengi mno duniani wanaye bakteria huyu, wengi hawahisi kitu, na ni wachache tu wanaopata saratani. Wala si kila kidonda kinatoka kwake. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, tunazomeza kama njugu, nazo huchimba tumbo. Hiyo ndiyo sababu ya kupimwa. Huwezi kukisia ukiwa umesimama kwenye kaunta ya duka.

Najua jibu la wengi: pesa hakuna na foleni hospitalini ni ndefu. Ni kweli, hakuna anayependa kupoteza siku ya kibarua. Lakini piga hesabu ya vidonge vya mwaka mzima, kisha ulinganishe na matibabu yanayolenga bakteria: antibiotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14. Kwa wengi, hapo bakteria anaisha.

Kuna mambo ambayo duka huenda lisikuambie. Kipimo cha kinyesi au cha pumzi ndicho kinachoonyesha kama bakteria yupo sasa. Kile cha damu kinaweza kusema ndiyo hata baada ya kupona. Omeprazoli nayo inaweza kumficha bakteria, kwa hivyo mweleze daktari kama unaimeza. Kwa kawaida huachwa wiki mbili kabla ya kipimo. Usijinunulie antibiotiki na kuziacha katikati, maana bakteria akizizoea hata daktari atakosa la kukupa. Na ukitapika damu, ukienda haja nyeusi kama lami, ukikonda bila sababu au chakula kikikwama kooni, usisubiri.

Serikali za kaunti nazo zisijifiche nyuma yetu. Afya iko mikononi mwao tangu 2013. Kipimo cha kinyesi kinafaa kufika hadi zahanati za mashinani. Na kwa kuwa wengi huambukizwa wakiwa watoto, nyumbani, maji safi na vyoo vya maana ni kinga kuliko pakiti yoyote.

Vijana wenzangu, Black alitupa njia ya kunyamazisha asidi. Warren na Marshall wakatuonyesha kwamba kunyamazisha hakutoshi. Wiki hii, kabla ya kununua pakiti nyingine, nenda ukaombe kipimo.