Bendi za wafanyakazi zimekwenda wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nitoe dukuduku ambalo nimekaa nalo tangu likizo ya Desemba mwaka 2022.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Salale, Wilaya ya Kibiti, kwenye delta ya mto Rufiji. Likizo hiyo nilikwenda Mbagala kwa mjomba wangu, mstaafu wa kiwanda cha nguo, naye Jumamosi usiku akanichukua kwenda kuiona Msondo Ngoma. Nyimbo zao nazijua tangu utoto kwa redio ya marehemu baba, lakini wenyewe sikupata kuwaona jukwaani.

Ndugu Mhariri, redioni gitaa la solo na la rizimu yalikuwa yakinichanganya. Pale ukumbini niliona kwa macho jinsi moja linavyouliza na jingine linavyojibu, huku besi likipita chini yao kama maji ya bamvua yanavyoingia mitoni kwetu. Wapuliza tarumbeta na saksafoni walikaa muda mrefu, mmoja akijifuta jasho kwa leso, kisha wakasimama kwa pamoja na watu nao wakasimama. Lilipofika chemko, mjomba, mwenye goti bovu, alinipa soda yake nimshikie.

Bendi hiyo ilizaliwa mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, mali ya chama cha wafanyakazi. NUTA ilipogeuka JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Ilipokuja OTTU, ikawa OTTU Jazz. Baadaye wanamuziki wakabaki peke yao na jina la mtindo wao. Haikuwa bendi pekee ya aina hiyo. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana, Bima Lee ya Shirika la Bima, na Jeshi la Polisi lilikuwa na Polisi Jazz. Vyombo vilikuwa vya taasisi na mpiga gitaa alikuwa na mshahara wa mwezi kama mimi.

Sisemi enzi zile zilikuwa pepo. Nyimbo zilizorekodiwa Radio Tanzania zilipigwa miaka nenda miaka rudi, watunzi wakabaki na sifa. Marehemu Muhidin Gurumo (aliyepata kupitia Rufiji Jazz, jambo ambalo sisi wa huku hatuachi kulitaja) alistaafu mwaka 2013 baada ya nusu karne ya kuimba, na gari alilopata lilikuwa zawadi ya kijana wa Bongo Fleva, Diamond Platnumz. Aprili 2014 akafariki. Lakini hata hivyo, bendi ilikuwa na mwenyewe, na kijana aliyetaka kujifunza alijua mlango wa kubisha.

Usiku ule wa umri wangu tulikuwa wa kuhesabika. Nikarudi Salale na wimbo mmoja niliorekodi kwenye simu, nikamsikilizisha mwanafunzi wangu wa darasa la sita ambaye amejitengenezea gitaa kwa galoni la mafuta na mishipi ya kuvulia. Aliusikiliza mara tatu, kisha akaniuliza, "Mwalimu, mtu akitaka kujiunga anaandika barua wapi?" Nilimwambia akamalize hesabu zake kwanza. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu.

Sisi wafanyakazi tunakatwa ada ya chama kila mwezi. Mei Mosi nimepata fulana, mwaka uliofuata fulana tena, na hiyo ya pili haikunienea. Sina ugomvi na fulana. Ila chama cha mwaka 1964, katika nchi changa yenye wafanyakazi wachache, kiliweza kulea bendi nzima. Vyama vya leo vinashindwa nini? Hata vikichanga vitatu au vinne, vinunue vyombo, viajiri vijana wakae chini ya wazee waliobaki, na wakati wa kiangazi bendi ije mpaka huku wilayani. Ikifika Kibiti, mtoto huyo nitampeleka kwa nauli yangu.

Kama yupo kiongozi wa chama cha wafanyakazi anayesoma ukurasa huu, namwomba anijibu hapa hapa gazetini. Mtoto aandike barua wapi?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Salale, Kibiti,
PWANI.