Haba na Haba Humaliza Kibaba

Walimu vijana wa hapa Nyamuswa hunijia wakilalamika kwamba benki imewanyima mkopo wa nyumba. Benki, wanasema, ni za matajiri. Nakataa. Benki husoma taarifa ya akaunti kabla ya barua ya maombi. Humo hukuta mikeka ya mpira, mikopo ya simu ya kila wiki, na mshahara ulioingia leo ukatoka wote kesho. Utaratibu wa serikali unataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara. Aliyekwisha kuifikia theluthi hiyo kwa kukopea sofa na harusi, nyumba atailipia nini?

Watanijibu kwamba viwanja vyetu vingi havina hati. Kweli. Hati na waidai serikali. Matumizi na wazidai nafsi zao.

Sisemi kwa kiburi. Enzi za Benki ya Nyumba Tanzania, iliyofungwa mwaka 1995, mshahara wangu uliishia kilabuni na kwenye daftari la mwenye duka. Hata fomu sikuthubutu kuiomba. Nilijenga baada ya kustaafu, kwa kiinua mgongo. Marehemu mke wangu hakulala chini ya bati lile hata usiku mmoja.