Kiungio ni cha Bodi, Si cha Bogi!

Leo naiacha tarakilishi kando. Nataka kugombana na watu wa treni ndogo za mfano, zile za kipimo cha HO, ambazo ni ndogo mara 87 kuliko treni halisi. Huo ndio uraibu wangu wa wikendi, na jambo moja limenichosha: viungio vya kushikanishia mabehewa kufungwa kwenye bogi.

Kwa asiyejua, bogi ni kile kigari cha magurudumu manne kinachozunguka kwenye pini chini ya behewa. Kila behewa lina bogi mbili. Katika seti nyingi za bei nafuu bogi imerefushwa kama ulimi, na kiungio kimetiwa nchani. Ukivuta, mambo shwari. Haya, sasa rudisha nyuma mabehewa kumi uyaingize njia ya pembeni. Injini inausukuma ulimi, ulimi unaigeuza bogi upande, ukingo wa gurudumu unapanda reli, na mizigo yote chali!

Nguvu hiyo haikupaswa kupita hapo kamwe. Katika treni halisi za mizigo za Marekani, kiungio kimefungwa kwenye fremu ya behewa. Bogi inabeba uzito na kufuata reli, basi. Sisi waandika programu tunalijua kosa hili: umepachika kiolesura kwenye sehemu inayochezacheza, halafu unashangaa mfumo mzima unapoanguka.

Na anayeumia ni mgeni. Mimi nilifumua reli zangu wikendi mbili nzima nikitafuta hitilafu ambayo haikuwa kwenye reli. Nusura niuze kila kitu! Kisha nikachukua behewa lililokuwa likianguka kila mara, nikakata zile ndimi, nikafunga visanduku vya viungio vya Kadee nambari 5 chini ya bodi. Nikalisukuma. Likatulia njiani.

Wataniambia kona zao ni kali. Kona gani? Behewa la futi 40 katika HO lina urefu wa sentimita 14 hivi, na linapita kona ya nusu-kipenyo cha inchi 18 bila taabu. Behewa la futi 89, sawa, hilo linafika sentimita 31 na ncha yake inatoka nje mno. Lakini nani alikulazimisha kununua behewa la futi 89 kwa reli za meza ya kulia chakula?

Halafu kuna wanaobandika kisanduku kwa gundi. Jamani! Springi ikiharibika utakifunguaje? Toboa tundu, tia skrubu. Pima kimo pia: katikati ya kiungio iwe inchi 25/64 juu ya reli, karibu milimita 10. Kikiwa chini, weka washa nyembamba kati ya bogi na bodi.

Nimeshabadilisha mabehewa 11, yamebaki sita. Mwenye kutetea ulimi aje, ila aje na video akirudisha nyuma mabehewa ishirini.