Njia ya Kwenda Tiwi

Safu yetu safari hii inauliza: upendo tunaouhubiri, tunautenda? Mkristo akiulizwa hivyo hukimbilia mfano wa Msamaria Mwema, Luka sura ya 10, na katika mfano ule kila mmoja hujiweka mahali pa Msamaria. Tujipime basi kwa safari nyingine.

Ibn Battuta tunamfahamu kwa habari zake za Mombasa na Kilwa, alikofika mwaka 1331. Alipotoka huku alirudi Arabuni, na chombo chake kikatia nanga Sur, pwani ya Omani. Akauona mji wa Qalhat kwa mbali, akadhani u karibu, akashuka kwenda kwa miguu pamoja na Mhindi mmoja aitwaye Khidr. Alimkodi baharia awaonyeshe njia. Kumbe yule ameyatamani mavazi yao, akataka kuwapitisha penye maji ya kina wazame. Wakanusurika, lakini kiu ikawashika, mpaka akatokea mpanda farasi na wenzake, wakawapa maji. Usiku Khidr hakujiweza. Ibn Battuta akakesha kwa ajili ya wote wawili. Walipofika Qalhat miguu yake ilikuwa imevimba hata kusimama hawezi. Liwali wa mji, asiyemjua, akamkaribisha siku sita. Ndipo akapata kuiona Tiwi, kijiji jirani chenye mito, bustani na ndizi, akakisifu sana.

Njia ni moja, na watu ni wa namna nne. Mwonyesha njia alikuwa na ujira wake, akataka na nguo. Mpanda farasi alitoa maji tu, ila kwa wakati wake. Msafiri alitoa usingizi, naye mwenyewe amechoka. Liwali alitoa nyumba. Mkristo asione ajabu kwamba liwali yule alikuwa Mwislamu. Yesu naye, alipotaka kueleza jirani ni nani, alimtaja Msamaria, mtu ambaye wasikilizaji wake walimdharau.

Sasa tuje bwenini. Mwenzako wa chumba akishikwa na homa usiku wa kuamkia mtihani, nani anakesha? Msiba wa mwenye cheo tunauchangia upesi. Mfanya usafi wetu akifiwa, tunajua hata jina lake? Na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayekuuliza njia, unamwonyesha au unamtoza? Mgeni humwamini anayeijua njia, na huyo ndiye awezaye kumpoteza.

Jambo hili si la bwenini tu. Dada zetu wa Tanzania, Kenya na Uganda huenda Omani kufanya kazi za nyumbani. Wapo wanaompata liwali, na wapo wanaoangukia mikononi mwa yule baharia. Naye baharia huweza kuwa wakala wa mtaani kwetu, anayezungumza Kiswahili safi kama chetu.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kabla ya kulala leo, kila mmoja amkumbuke mtu mmoja aliyekuwa katika dhiki juma hili, kisha ajiulize: mimi kwake nilikuwa nani kati ya wale wanne? Kama jibu halipendezi, kesho mlango wake uko pale pale.

Tukutane toleo lijalo.