Klima ya motokari ya arusi

Juma lililopita tuliahidi kuendelea na habari ya kuweka akiba ya makala kabla ya mvua. Tutairudia. Leo tunaongea juu ya motokari, na si ile ya kubeba mihogo, ni motokari ya spoti, ya milango miwili. Msitucheke kwanza. Jambo hili lilitokea katika kikundi chetu, na feza ya wamama ilipotea ndani yake.

Mwenzetu mmoja ni mjane. Bwana yake alimwachia watoto wawili wa sekondari na Toyota Celica ya mwaka 1991, nyekundu, ile ya taa za mbele zinazoinuka zikiwashwa na kulala zikizimwa. Mashemeji walitaka iuzwe, hata kwa bei ya vyuma. Akakataa. Akaanza kuikodisha kwa arusi, dola 50 kwa Jumamosi moja, na mtoto wa dada yake ndiye dereva. Bibi arusi anakaa mbele, maana kiti cha nyuma hata mtoto mdogo anakunja magoti. Lakini taa zile zikiinuka, barabara nzima inapiga vigelegele. Kwa miaka miwili ni Celica iliyolipa minerivali ya watoto wale.

Kisha klima ikafa. Ninyi mnaojua Lubumbashi mwezi wa kumi, kabla mvua haijashuka vizuri, mnajua maana yake. Ukifunga vioo, bibi arusi anaiva kama chikwangue na poda inamteremka shingoni. Ukifungua, vumbi jekundu linakaa juu ya nguo nyeupe ambayo nayo imekodishwa. Arusi mbili zikamkimbia mwenzetu katika mwezi mmoja.

Alienda kwa fundi. Fundi akamwambia: "Mama, ni gazi tu ndiyo iliisha. Tunatia, inakuwa baridi kama Ulaya." Dola 35. Baridi ikakaa majuma matatu. Akarudi, dola 35 tena, baridi ikakaa siku kumi. Mara ya tatu akabadilisha garaji. Huyo wa pili aliona kwamba klima haiwaki kabisa, akachukua kipande cha waya, akaunganisha mahali fulani chini ya boneti, ikawaka. Dola 35 nyingine. Jumamosi ile, njiani kwenda kanisani, kukasikika mlio kama wa mbuzi anayechinjwa, mkanda ukatoa moshi, na bibi arusi akamaliza safari katika taksi. Mwenzetu alirudisha feza yote ya watu na akalia mbele yetu siku ya mkutano.

Sisi ni walimu, si mafundi. Lakini fizikia ya klima ni ileile tunayofundisha darasani, na kila mama anaijua tayari kwa mikono yake. Mwagia manukato kidogo nyuma ya mkono: yanakauka, na unasikia baridi. Kitu cha maji kikigeuka hewa, kinachukua joto mahali kilipo. Sasa funua sufuria ya sombe: mvuke uliogusa kifuniko umegeuka maji, na kifuniko kinachoma. Hewa ikigeuka maji, inatoa lile joto. Klima ni mambo haya mawili yakizunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Mashine inayoitwa kompresa, ikizungushwa na mkanda wa motere, inaminya gazi mpaka iwe ya moto sana. Gazi inaenda mbele ya radiatere, katika kondensa, inapigwa na upepo, inatoa joto lake na kuwa majimaji. Inapita katika chupa ndogo ya chuma ambayo kazi yake ni kunywa unyevu. Kisha inasukumwa katika tundu jembamba na kuingia evaporeta, nyuma ya dashibodi, ambako inageuka hewa tena na kuchukua joto la ndani ya motokari. Inarudi kwa kompresa, na safari inaanza upya.

Mmeona? Hakuna mahali gazi hiyo inapochomwa. Si makala, si petroli. Motokari ya zamani inaweza kupoteza kidogo kidogo kupitia mipira ya mabomba, kwa miaka. Lakini kama iliisha kwa majuma matatu, kuna tundu. Anayetia gazi bila kutafuta tundu anamwaga maji katika ndoo iliyotoboka, na anakulipisha kila ndoo.

Celica ile ilikuwa na tatizo la pili, la umri. Motokari za miaka ile zilitumia gazi inayoitwa R12. Wataalamu waligundua kwamba gazi za aina hiyo zinakula tabaka la ozoni, ile blanketi ya juu angani inayotukinga na mwali mbaya wa jua. Mwaka 1987 mataifa yakapatana huko Montreal kuziacha. Nchi tajiri ziliacha kuitengeneza R12 kufikia 1996, na nchi kama zetu kufikia 2010. Motokari zilizofuata zilikuja na R134a. Sasa, gazi haitembei peke yake, inabeba mafuta ya kulainisha kompresa. R12 inabeba mafuta ya madini. R134a haichanganyiki nayo. Inataka mafuta mengine. Fundi wa kwanza alitia R134a juu ya mafuta ya zamani, kwa hiyo mafuta yalibaki yamelala pembeni na kompresa ikawa inasagika kavu.

Na ule waya? Tuliuliza. Katika bomba kuna kifaa kidogo kinachopima nguvu ya gazi. Gazi ikipungua sana, kinaikataza kompresa kuwaka, ili isijiue. Fundi wa pili alimruka mlinzi yule kwa waya. Mtu akikufungia mlango ili usitumbukie shimoni, wewe unavunja mlango. Kusema kweli, huyu ndiye tunayemkasirikia kuliko yule wa kwanza.

Basi tukafika kwa swali lenyewe, maana hapo ndipo kikundi kiligawanyika. Mwezi wa nane ulikuwa zamu ya mwenzetu katika likelemba: wamama 14, dola 20 kila mmoja, dola 280 mkononi. Mwezi wa tisa shule zinafungua mlango. Wengine walisema: lipa minerivali, achana na motokari ya anasa, hakuna mtoto aliyefukuzwa darasani kwa sababu mama yake hana klima. Mama mmoja mzee alisema wazi kwamba hajawahi kusikia likelemba ikinunua baridi. Wengine tulisema: hii si motokari, ni shamba lake. Tukachukua chaki. Fundi wa tatu, mzee anayetengeneza frigo, alikuwa ametupa hesabu iliyoandikwa: kompresa ya okazioni dola 110, chupa mpya ya kunywa unyevu 30, mipira ya viungo 10, mafuta 15, gazi 40, kazi ya mikono 60. Jumla 265. Kila arusi, ukiondoa esanse na kuosha, inamwachia kama dola 40. Jumamosi saba, na deni limelipwa. Zinazobaki ni za watoto.

Hesabu ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa ya ubao. Kama mlango wa shule ungefungwa kwa watoto mwezi wa tisa, Jumamosi saba ni mbali. Kwa hiyo tulimsindikiza kwanza kwa mkuu wa shule, tukaomba kulipa kwa vipande, na tarehe zikaandikwa kwenye karatasi na kutiwa sahihi. Ndipo mama akatoa ile feza. Tuliona mikono yake ikitetemeka. Hata ya kwetu.

Yule mzee wa frigo alikubali tukae pale tukitazama, jambo ambalo garaji zile mbili zilikataa. Kwanza aliosha mabomba na kondensa, kwa sababu kompresa iliyokufa inatapika vipande vya chuma, na vikibaki vitaua ile mpya. Alibadilisha mipira yote ya viungo, akaweka ile chupa mpya (alisema chupa haitumiki tena ikishafunguliwa hewani, maana imekwisha kunywa unyevu wa hewa). Akaung'oa ule waya na kurudisha kifaa mahali pake. Kisha akaunganisha pompi ya kunyonya hewa, akaiacha izunguke karibu saa nzima. Maji yakibaki ndani yanaganda kwenye lile tundu jembamba, tena yanafanya asidi inayokula vyuma. Akazima pompi, akatazama mshale wa saa ya kupimia: kama ungerudi, kuna mahali panavuja. Haukurudi. Ndipo akatia gazi, akipima uzito kwa mizani, na kidogo kuliko kiasi kilichoandikwa kwa R12. Akabandika karatasi chini ya boneti: gazi gani, mafuta gani, tarehe gani, ili fundi wa kesho asibahatishe.

Mama mmoja alimwuliza kwa nini wengine wanatia gazi ya kupikia, ni bei rahisi. Mzee aliacha kazi, akamtazama. "Mama, unakaa na bibi arusi mbele, na bomba la gazi ya kuwaka liko karibu ya magoti yake. Unataka?" Alisema pia kwamba ameona watu wakipima mabomba kwa oksijeni ya kuchomelea, na oksijeni ikikutana na mafuta inaweza kulipuka. Na gazi yenyewe ya klima ikiruka machoni inagandisha. Watoto wasisimame karibu.

Kwa hiyo, wewe ambaye bwana au kaka yako ana motokari ya namna hii, au una frigo inayokula gazi kila mwezi, uliza maneno machache kabla ya kufungua pochi. Gazi ilitokea wapi? Nionyeshe: povu la sabuni kwenye viungo, au doa la mafuta lenye vumbi. Utanyonya hewa kwa muda gani? Utatia mafuta ya aina gani? Fundi mzuri atajibu, pengine kwa kunung'unika. Yule anayecheka na kusema "hayo si mambo ya wamama", chukua funguo zako. Na motokari ikikaa bila kutembea, iwashe klima dakika kumi kila baada ya juma moja au mawili, hata wakati wa baridi ya mwezi wa sita. Mpira wa kompresa unalainishwa na mafuta yanayozunguka. Usipozunguka unakauka, na gazi inapata mlango.

Jumamosi iliyopita Celica ilitoka, arusi ya tano tangu matengenezo. Tulikuwa kwenye ua wa kanisa. Bibi arusi alishuka mkavu, poda yake mahali pake. Mara mjomba mmoja wa upande wa bwana arusi akainama, akaona maji yakidondoka chini ya motokari, akaanza kupiga kelele kwamba radiatere imepasuka, mtu alete ndoo. Mwenzetu alikuja polepole na viatu vyake vya juu, akaweka kidole chini ya tone, akampaka mjomba kwenye mkono.

"Sikia, papa. Ni baridi," akamwambia. "Ni unyevu wa hewa umegeuka maji huko ndani. Siku isipodondoka ndiyo utaita watu."